Baiskeli ya mtumba isiyoshika breki: tengeneza kwanza ndo uposti

Leo naongea na nyie mnaouza baiskeli za mtumba mtandaoni, hasa zile za milimani za miaka ya 90.

Mwaka jana nilimuuzia mama mmoja nyekundu, kali kweli, picha zilipata laiki za kutosha. Siku ya tatu akanipigia: kijana wake kashuka kilima, kafinya mkono wa breki mpaka umegusa usukani, baiskeli haisimami. Kajirusha mtaroni kukwepa bajaji. Alichubuka tu, tunashukuru Mungu. Hela nikarudisha yote, na ya boda juu. Kusema kweli sikuwahi kuipanda ile baiskeli. Nilipiga picha, nikaposti.

Nyingi hazina diski. Zina breki za kantileva: vipande viwili, kimoja kila upande wa tairi, vinaunganishwa na kiwaya kifupi kinachovutwa katikati na waya mkuu. Sio breki mbovu, ni umri tu.

Anza na raba. Ikikaa miaka inakuwa ngumu kama kwato, ukiibonyeza kwa kucha haiingii. Kupiga msasa kunasaidia kidogo, ila we nunua mpya, hazina bei. Ukifunga, ncha ya mbele itangulie kidogo kugusa rimu, haitapiga kelele. Isiguse tairi, italikata. Rimu ifute kwa spiriti, mafuta yasikaribie kabisa (mimi niliwahi kuing'arisha kwa mafuta ya nywele ili ipendeze pichani, msinicheke).

Waya wenye kutu badilisha pamoja na ganda lake.

Sasa hapa ndo wengi tunapokosea. Kale kachuma kanakoshika kiwaya cha juu kakiwa juu sana, breki inakosa nguvu. Kashushe, ila uache nafasi tairi lizunguke hata likiwa na tope. Mkono utaenda mbali zaidi, kwa hiyo raba zisogeze karibu na rimu, na rimu iwe imenyooka.

Halafu usitoe kile kioo cha kuakisi mwanga cha mbele kwa ajili ya urembo. Waya mkuu ukikatika, kishikio chake ndo kinazuia kiwaya kisidondokee tairi. Kikidondoka tairi linaganda, mtu anaruka juu ya usukani.

Ukitaka kuweka V-breki, sawa, zina nguvu. Lakini nunua na mikono yake, maana zinahitaji waya uvutwe mwingi na mikono ya zamani haifikishi. Piga hesabu kwanza.

Ukimaliza, isukume kwa mguu huku umefinya breki ya mbele. Tairi la nyuma likitaka kunyanyuka, imekubali. Kisha ipande mwenyewe, taratibu, sehemu tambarare. Mimi hapo narekodi video fupi naiweka pamoja na picha, na maswali ya wateja yamepungua.

Ile nyekundu nimemuuzia jirani. Kila asubuhi naiona inashuka kilima chetu.