Je, Wajua? Mzamiaji wa Mguu Mmoja

Carl Brashear wa Jeshi la Wanamaji la Marekani alikatwa mguu wa kushoto, kisha akarudi kuzamia baharini. Kabla yake, jeshi hilo halikuwahi kumruhusu mpiga mbizi aliyekatwa mguu kurejea kazini.

Aliumia katika kazi ya kuopoa bomu la nyuklia. Januari 1966 ndege mbili za kijeshi ziligongana angani karibu na Palomares, Hispania, na bomu moja likazama Mediterania. Machi, kwenye sitaha ya meli ya Hoist, kamba ilikatika. Bomba la chuma liliruka likamvunja mguu chini ya goti, muda mfupi tu baada ya kuwasukuma wenzake kando. Yeye mwenyewe ndiye aliyewashawishi madaktari waukate.

Mazoezi ya kurudi ndiyo yanayotisha zaidi. Alikimbia akiwa na mguu wa bandia, na mara nyingine aliuvua akakuta umejaa damu. Hakwenda hospitali, akihofia kuandikwa kuwa hafai. Alitia kigutu kwenye ndoo ya maji moto yenye chumvi, na kesho yake akakimbia tena. Ujasiri wa namna hiyo ni adimu mno!

Mwaka 1968 alikubaliwa rasmi. Mwaka 1970 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia daraja la mpiga mbizi mkuu, yeye aliyezaliwa kwa mkulima maskini wa Kentucky na kuachiwa vikaratasi vya vitisho kitandani alipokuwa chuo cha uzamiaji. Alistaafu mwaka 1979, baada ya miaka 31 jeshini.