Kabla ya Kubadili Kamshafti: Ushauri kwa Waendesha Pikipiki wa Rubavu

Mwendesha pikipiki anayetoka Gisenyi kuelekea Musanze huanza kupanda mlima muda mfupi tu baada ya kuliacha Ziwa Kivu. Akiwa na abiria nyuma au mizigo ya safari, huisikia injini ikilemewa. Ndiyo maana katika mazungumzo yetu na motari wa taksi-moto, na vilevile na wale wanaosafiri masafa marefu kwa pikipiki kubwa, suala la kuongeza nguvu ya injini halikosi kutajwa. Wengi wamesikia kwamba njia ya mkato ni kuondoa kamshafti ya kiwandani na kuweka nyingine, ile inayosifiwa kuwa ya mashindano.

Hatuna nia ya kuwafundisha mafundi kazi yao. Hata hivyo, uamuzi unaofanyika gerejini huonekana matokeo yake barabarani, na barabara ndiyo tuliyokabidhiwa kuilinda. Kwa hiyo tumeona vema tueleze kamshafti hufanya nini, nani anaweza kufaidika kwa kuibadili, na nani atapoteza fedha zake na kuhatarisha maisha ya abiria wake.

Kazi ya kamshafti

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu, unaozungushwa na krankshafti kwa njia ya cheni, mkanda au gia. Nundu inapopita husababisha valvu ifunguke. Ikishapita, springi huirudisha valvu mahali pake. Valvu ya kuingiza hupitisha mchanganyiko wa hewa na mafuta, na valvu ya kutoa hupitisha moshi. Katika injini ya mapigo manne, kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa katika mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 50 katika sekunde moja.

Umbo la nundu huamua mambo matatu. La kwanza ni kimo ambacho valvu huinuka, kinachopimwa kwa milimita. La pili ni muda ambao valvu hubaki wazi, unaopimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankshafti. La tatu ni kipindi ambacho valvu ya kuingiza na valvu ya kutoa huwa wazi kwa pamoja. Muuzaji asiyeweza kukutajia vipimo hivi hajui anachokuuzia.

Nguvu huhamishwa kutoka mahali hadi mahali

Jambo kuu tunaloomba msomaji alishike ni hili: mara nyingi kamshafti ya mashindano huihamisha nguvu ya injini kutoka mizunguko ya chini na kuipeleka mizunguko ya juu. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Injini inapokwenda kasi sana, muda wa kuvuta hewa huwa mfupi mno. Hivyo valvu inayobaki wazi kwa kipindi kirefu husaidia silinda kujaa. Injini hiyohiyo ikienda polepole, pistoni huanza kupanda wakati valvu ya kuingiza bado haijafungwa, na sehemu ya mchanganyiko husukumwa kurudi ulikotoka. Mgandamizo hupungua, uvutaji hulegea, na mafuta hutumika bila faida.

Mtu anayekimbia kwenye uwanja wa mashindano huweza kukubali hasara hiyo, kwa kuwa injini yake hukaa katika mizunguko ya juu karibu muda wote. Motari anayeondoka Mahoko akiwa na abiria, au msafiri anayepanda kona za barabara ya Karongi akiwa na masanduku matatu, huihitaji nguvu pale anapoanza kuondoka na pale anapotoka kwenye kona kali. Hapo ndipo kamshafti ya mashindano humwacha peke yake.

Hewa ya milima yetu

Lipo jambo jingine linalowahusu wakazi wa Rubavu kwa namna ya pekee. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 15 likilinganishwa na pwani. Barabara ya Musanze hupanda hadi kupita mita 2,000 katika maeneo ya Mukamira, na penye kimo cha mita 2,300 upungufu huo hukaribia robo. Injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa huvuta kile ilichopewa na mazingira. Hakuna kamshafti inayoweza kurudisha hewa ambayo haipo.

Pikipiki inayotumia kabureta huathirika zaidi. Hewa inapopungua huku tundu la mafuta, ambalo mafundi huliita jeti, likibaki vilevile, mafuta huwa mengi kuliko hewa. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi yenye masizi na injini inayokwama mlimani. Mwenye pikipiki hudhani injini imechoka, ilhali huenda dawa ni kubadilishiwa jeti ndogo zaidi. Pikipiki nyingi za kisasa zinazopuliza mafuta kwa mfumo wa kielektroniki hupima shinikizo la hewa na kujirekebisha zenyewe.

Mambo ya kukagua kwanza

Kabla ya kutumia fedha kwa kamshafti, tunashauri ukaguzi ufuatao ufanywe na fundi mwenye vifaa. Apime nafasi ya valvu kwa geji, injini ikiwa imepoa; nafasi hiyo kwa kawaida haifiki hata nusu milimita, na ikiwa ndogo kupita kiasi valvu haifungi sawasawa, mgandamizo huvuja na valvu huungua. Apime mgandamizo wa silinda. Aangalie kichujio cha hewa, kwa kuwa vumbi la mawe ya volkano la upande huu wa nchi hukiziba upesi. Aangalie klachi kama inateleza, breki kama zinabana gurudumu bila kushikwa, na cheni ya nje kama imelegea.

Baada ya hapo, ikiwa bado uvutaji hautoshi, ipo njia nafuu kuliko kuifungua injini, nayo ni kubadili sproketi ya nyuma. Sproketi ya meno 45 badala ya 42 huongeza nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu kwa takriban asilimia 7. Kasi katika mizunguko ileile ya injini hupungua kwa kiwango kinachokaribia hicho, na kwa taksi-moto ya milimani hiyo si hasara. Kwa pikipiki ndogo za kazi, za sentimita za ujazo 100 hadi 150, ushauri wetu ni kwamba kamshafti ya kiwandani iachwe mahali pake. Ilichorwa kwa ajili ya kubeba mizigo na kutumia mafuta kidogo.

Kwa pikipiki kubwa za safari

Msafiri mwenye pikipiki kubwa ya silinda mbili anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kubadili. Mfano unaojulikana ni Harley-Davidson. Injini yao ya Twin Cam, iliyoanza na pikipiki za mwaka 1999, ina kamshafti mbili. Milwaukee-Eight, iliyoingia katika pikipiki za safari za mwaka 2017, ina moja. Kwa aina zote mbili zipo kamshafti za kubadilishia za namna nyingi, na kosa la kawaida ni kuichagua ile yenye tarakimu kubwa kuliko zote. Msafiri hutumia muda mwingi kati ya mizunguko 2,000 na 3,500 kwa dakika. Basi achague ile inayoongeza uvutaji katika eneo hilo, yenye muda mfupi wa valvu kukaa wazi na yenye kufunga mapema valvu ya kuingiza, hata kama mchoro wake wa nguvu za juu hauvutii macho.

Aidha, kamshafti haibadilishwi peke yake. Valvu ikiinuka zaidi, springi sharti ziweze kuhimili kimo hicho bila kubanana hadi mwisho, na nafasi kati ya valvu na pistoni sharti ipimwe. Zikigongana, injini huharibika papo hapo. Vikaza cheni vya ndani vikaguliwe wakati kifuniko kiko wazi. Alama za kulinganisha kamshafti na krankshafti zikutane barabara, maana kukosea jino moja tu huharibu mpangilio wote. Mwisho, kiwango cha mafuta kirekebishwe upya, ama kwa jeti au kwa kompyuta ya injini. Gharama ya kazi hizi zote ihesabiwe kabla ya kununua. Asiyeimudu jumla yake asinunue kipande kimoja.

Mteremko nao una haki yake

Kila anayepanda atashuka. Mteremko wa kutoka Rugerero kuingia mjini Gisenyi unajulikana kwa madereva wote wa njia hii, yakiwamo malori mazito tunayoshiriki nayo barabara. Katika mteremko kama huo, mwendesha pikipiki hutegemea gia ndogo na injini kumshikilia ili breki zisichemke. Injini yenye kamshafti isiyoifaa haitulii katika mizunguko ya chini, na inaweza kuzimika ghafla mkono unapoachia mafuta kwenye kona. Gurudumu la nyuma likishtuka hapo, abiria ndiye anayeanguka wa kwanza.

Tukumbuke pia kwamba nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa ina nishati mara mbili na robo ya ile inayokwenda kilomita 40, na nishati hiyo yote ni lazima imalizwe na breki na matairi. Anayeongeza nguvu bila kuboresha breki amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ataidai barabara. Kwa sababu hiyo, mwenye nia ya kubadili injini tunamwomba aanze na viatu vya breki na matairi, kisha aiarifu kampuni ya bima yake kwa maandishi, na atunze stakabadhi za vipuri na za fundi. Ekzosi iliyotobolewa ili injini isikike kuwa na nguvu haiongezi uvutaji wowote wa maana. Huwanyima usingizi majirani na wagonjwa.

Tangu mwaka 2019, Polisi ya Rwanda imekuwa ikiendesha kampeni ya Gerayo Amahoro, inayomtaka kila mtumiaji wa barabara afike kwa amani. Tunawasihi vijana wetu waipime kila shilingi au faranga ya gerejini kwa kipimo hicho: je, itamsaidia aliyeketi nyuma yangu kufika? Palipo na ajali, piga simu namba 113. Kwa dharura nyingine, piga 112. Na mwenye swali kuhusu usalama wa pikipiki yake anakaribishwa katika kituo cha polisi kilicho karibu naye. Ni heri aulize mapema, pikipiki ikiwa bado nzima.