Vinu Vinavyongoja Mbegu

Kiwanda cha kukamua alizeti kiwezacho kumeza tani 10 za mbegu kwa siku hakihesabiwi miongoni mwa viwanda vikubwa, na wenye mashine za kadiri hiyo si haba katika mikoa ya Dodoma na Singida. Walakini, ili kifanye kazi siku 300 za mwaka, chahitaji tani 3,000 za mbegu, na kwa kuwa hekta moja ya mkulima wa kawaida wa uwanda huu wa kati hutoa takriban tani moja, na aghalabu chini ya hapo, kiwanda hicho kimoja kitataka mavuno ya hekta 3,000 kabla mwenyewe hajafikiria kununua mashine ya pili. Ni hesabu nyepesi, ila wengi huifanya baada ya kiwanda kwisha kujengwa, nayo ndiyo sababu vinu vinavyonguruma mchana na usiku mwezi wa Juni hukutwa vimefungwa mwezi wa Februari.

Uwanda huu una mvua moja tu kwa mwaka, inyeshayo baina ya Desemba na Aprili, na Dodoma haipati kwa kawaida zaidi ya milimita 600. Alizeti huvunwa Mei na Juni, na mwenye kiwanda atakaye kukamua mpaka msimu wa pili hana budi kuinunua karibu yote katika miezi michache hiyo. Tuseme bei ni shilingi 800 kwa kilo: tani 3,000 zitamgharimu shilingi bilioni 2.4 taslimu, fedha zitakazolala ghalani huku riba ya benki ikiendelea kuhesabiwa. Wenye rasilmali ya namna hiyo ni wachache. Waliosalia hununua kwa kadiri ya uwezo wao, na mbegu iliyobaki huchukuliwa na wachuuzi, ambao huiuza baadaye kwa bei isiyomwachia mkamuaji faida yoyote.

Ndiyo maana wenye vinu vidogo, mathalani vya Kibaigwa wilayani Kongwa, hupenda kukamua kwa ujira. Mkulima huleta gunia lake, mbegu huchekechwa kuondoa mawe na makapi, kisha humiminwa katika mashine, na mafuta meusimeusi huchuruzika upande mmoja huku mashudu yakitoka upande wa pili kama vigae vyembamba vya moto. Kilo 100 za mbegu hutoa mafuta kama kilo 25, nayo huachwa katika pipa yatuame kabla ya kutiwa katika madumu ya lita 20 na kupangwa kando ya barabara kuu. Mara nyingi mwenye kinu hupata kwenye mashudu, chakula cha ng'ombe na kuku, kile alichokikosa kwenye mafuta.

Dumu lenyewe lina kisa chake, kwa maana kiwanda cha plastiki hutengeneza madumu kwa chembechembe ziagizwazo ng'ambo kwa fedha za kigeni, na kinu kisipokamua, dumu halina mnunuzi. Tanzania iliujua mapema udhaifu wa viwanda vilivyofungamana na malighafi ya mbali. General Tyre ya Arusha, iliyoanzishwa 1969 kwa ubia wa serikali na kampuni ya Marekani, ilipanda miti ya mpira huko Kihuhwi wilayani Muheza na huko Kalunga bondeni Kilombero ili kupunguza kuagiza mpira kutoka nje. Hata hivyo sehemu kubwa ya mahitaji yake iliendelea kutoka nje, na mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne hii uzalishaji wa matairi ulikoma. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni uliwahi kuvifikisha viwanda vingi vya nchi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Mashine zilikuwapo, kilichokosekana kilikuwa cha kuzilisha.

Viwanda vya alizeti havina udhuru huo, kwani malighafi yake huota nyuma ya kiwanda. Wala kosa la kutanguliza mashine si geni hapa. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa matrekta kwa mamia ili kulima karanga, ikakusudia kufyeka ekari milioni tatu na zaidi. Udongo wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, mvua ikahini, hata alizeti iliyojaribiwa baadaye haikuuokoa mradi, na kufikia 1951 ulikuwa umeachwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea.

Fauka ya hayo, kuna mafuta ya nje yaingiayo bandarini. Karibu na mwaka 2021 serikali ilikadiria kwamba nchi yahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na kuzalisha kama tani 205,000, pengo likijazwa na mawese ya Asia. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, na mwaka 2021 Dodoma, Singida na Simiyu zikateuliwa kuongoza kampeni ya alizeti. Wakulima waliitika, vita vya Ukraine vikapandisha bei duniani, kisha ikaporomoka, na waliokuwa wamelima zaidi wakauza kwa hasara. Mkulima aliyevunjwa moyo msimu huu hulima mtama msimu ujao, na kinu ndicho kilipacho gharama ya kuvunjika moyo kwake.

Kwa hiyo taifa linapungukiwa mafuta ilhali vinu vyake vimelala. Leseni za viwanda vipya hazitaondoa kinyume hicho, bali zitawagawia wengi zaidi mbegu ile ile. Panapotakiwa fedha ni kwenye mbegu bora badala ya aina ya zamani iitwayo Rekodi, ambayo imekwisha kuchanganyika, kwenye mikopo ya msimu na maghala ambayo stakabadhi zake benki huzikubali dhamana, na kwenye ushuru usiobadilika kila bajeti. Mwenye benki anayeombwa mkopo wa kinu kipya aulize kwanza idadi ya ekari na wakulima wenye mkataba, ndipo aulize nguvu za mashine.