Tadbiri ya Watu na Vifaa katika Milima ya Kilosa

Msafiri atokaye Morogoro kwa reli mpya, akiisha kuiacha tambarare ya Mkata, huingia katika milima ya Kilosa na kupita gizani mara nne, maana hapo yamechimbwa mahandaki manne ambayo urefu wake kwa jumla wazidi kilomita 2. Naye aghalabu hustaajabia nguvu za mitambo, ilhali lililo shani zaidi ni tadbiri iliyowakutanisha watu na vifaa mahali pamoja siku ipasayo.

Kipande cha Morogoro hadi Makutupora, chenye kilomita 422, kilikabidhiwa kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mwaka 2017. Reli ina tabia yake: mataruma, kokoto na vyuma hupelekwa mbele juu ya njia iliyokwisha tandikwa, ndivyo walivyofanya Wadachi walioanzia Dar es Salaam mwaka 1905 wakafika Kigoma mwaka 1914, basi daraja moja au handaki moja lisilokwisha husimamisha yote yaliyo nyuma yake. Kwa sababu hiyo mlima hapana budi uanzwe mapema, tena utobolewe pande mbili, na tambarare ingoje.

Wala hasara ya kuchelewa haitokani na mwamba peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa tuta na kuiharibu reli ya zamani, na treni zikakoma kwa miezi. Basi mwenye kupanga kazi katika bonde lile sharti auhesabu mto kama mmoja wa wafanyakazi wake, tena mkaidi. Kazi ya udongo huwekwa kiangazi, na si kwa ajili ya tope tu: kibarua wa Kilosa ana shamba, na mvua zikianza, ujira hushindana na jembe.

Ghalani nako kuna elimu yake. Mifuko ya saruji hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia ndiyo itanguliayo kutoka, kwani unyevu huugandisha polepole hata mfuko ambao haujafunguliwa. Na zege, ambalo desturi hulipima nguvu zake likiwa na siku 28, halikubali kuharakishwa kwa amri ya meneja.

Wasimamizi wengi, shehena ikikawia bandarini, hukimbilia kuwaachisha watu kazi, wakidhani wamepunguza gharama. Mimi naiona hisabu hiyo ni mbovu. Nyapara aliyezoeana na kikosi chake, pamoja na fundi baruti anayeujua mwamba ule kwa mlio wa nyundo, wakishatawanyika Mikumi na Kidatu kutafuta riziki, hawarudi kwa barua moja, na shehena iliyokuwa ikingojwa hufika ikakuta wageni, ambao yapasa wafundishwe tangu mwanzo huku winchi ya kukodi ikilipiwa kila siku.