Mchezaji Akihamia kwa Jirani

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, Agosti 2012, na watu wamekwisha toka kusali tarawehe. Kwenye baraza moja hapa Mombasa kahawa ya duru ya pili ilikuwa haijamiminwa, ikaja habari kwamba Robin van Persie, nahodha wa Arsenal, anakwenda Manchester United. Kukawa kimya. Ng'ambo ya kichochoro, wanakokaa wapenzi wa Manchester, zikazuka kelele kama za mwezi wa Idd ulioandama.

Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitatu wakati huo, alikuwa na fulana ya Arsenal yenye namba 10 na jina la bwana huyo mgongoni. Aliiweka aivae Idd jioni, akishavua kanzu. Usiku ule alishika wembe akawa anabandua herufi moja moja, hata wembe ukatoboa nguo, naye akalia. Dada yangu, ambaye kandanda haijui, alitoka jikoni akamwuliza, "Kwani amekufa nani, mwanangu?"

Msomaji asiyependa mpira atacheka. Lakini Van Persie alifika Arsenal mwaka 2004 akitoka Feyenoord ya Uholanzi, na miaka mingi alikuwa mtu wa kuumia. Wapenzi walimngoja. Walipompata mzima, msimu wa 2011-12, alifunga mabao 30 ya ligi, hakuna aliyemfikia. Ni kama kuuguza mgonjwa miaka na miaka, akapona leo, kesho akafunga mizigo.

Mbona Thierry Henry naye aliondoka, mwaka 2007, na hakuna aliyemchania fulana? Arsenal ilimsimamishia sanamu nje ya uwanja wake, na Januari 2012 aliporudi kwa mkopo akaifunga Leeds bao la pekee, watu wazima wenye mvi walikumbatiana barazani. Kwa fikira zangu, tofauti si fedha. Zile pauni milioni 24 hivi alizouzwa Van Persie hazikutoka mfukoni mwa mpwa wangu. Tofauti ni mlango anaoingia mtu. Henry alikwenda Barcelona, mbali. Mke aliyedai talaka akiolewa Lamu, utamsahau. Akiolewa nyumba ya pili, kila asubuhi utasikia harufu ya mahamri yake.

Nayo harufu ilisikika. Msimu uleule Manchester ilitwaa ubingwa, Van Persie akafunga mabao 26 ya ligi, matatu kati yake siku walipoifunga Aston Villa na kuumaliza ubishi. Tarehe 28 Aprili 2013 wakaja Emirates. Wachezaji wa Arsenal, kwa desturi ya Waingereza, wakapanga mistari miwili kuwapigia makofi mabingwa, naye akapita katikati. Kisha akawafunga penalti. Mchezo ulikwisha 1-1.

"Mla nawe hafi nawe," alisema mzee mmoja. Mimi sikuweza kumlaumu sana mchezaji. Alikuwa na miaka 29, na kwa miaka minane Arsenal alipata kombe moja tu kubwa, la FA la 2005. Lakini jambo hilo huwezi kumwambia mtoto aliyeshika wembe.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, na bado ni wa Arsenal. Ile fulana dada yangu huifutia vioo vya kabati. Herufi tatu za mwisho zimo. Akiikuta imeanikwa kambani, huigeuza ndani nje, akaenda zake.