Injini Inayotetemeka Gari Likiwa Limesimama

Mkulima, huenda pikapu yako hupanda mlima vizuri na magunia ya kabeji, lakini ukisimama njiani kuelekea soko la Thika injini hutetemeka, hupanda na kushuka, kisha huzimika. Wengi hapa Kamenu humwambia fundi abadilishe kabureta mara moja. Kabureta ni ghali, na mara nyingi haina kosa lolote.

Gari likisimama, hewa na petroli huingia katika injini kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo dosari ndogo, usiyoisikia ukiwa mwendoni, huonekana hapo. Fanya uchunguzi wako nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Anza na hewa. Vumbi la barabara zetu huziba chujio la hewa upesi. Litoe, ulitazame kwenye jua. Kama mwanga haupiti, nunua jingine. Kisha sikiliza mlio wa kufyonza hewa karibu na mipira midogo iliyo juu ya injini. Mpira uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa. Minya kila mpira kwa vidole injini ikinguruma, lakini jihadhari na feni na mikanda. Ukiminya mmoja na injini ikatulia, umempata mwizi. Usinyunyize petroli kutafuta tundu, kama wafanyavyo wengine. Utaunguza gari na banda pia.

Sasa plagi. Zitoe injini ikiwa baridi, uziweke kwa utaratibu ulivyozitoa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi au hewa haba. Plagi iliyolowa oili yaonyesha kwamba oili inapenya mahali isipotakiwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Gari la kabureta lililorekebishwa Mombasa laweza kutoa masizi hayo likifika huku, bila kuharibika kitu. Thika iko karibu meta 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na petroli iliyopimiwa pwani huwa nyingi mno. Hapo ndipo skurubu za kabureta zinapohusika, tena baada ya chujio, mipira na plagi kuwa safi.

Petroli yenyewe usiiamini. Ukiiweka katika pipa shambani huingia maji. Chota kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji hukaa chini. Tena kuna wauzaji wanaochanganya mafuta ya taa. Mwaka 2018 Serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia mchezo huo. Kama kosa lilianza siku ile ile ulipojaza tangi, kumbuka ulijaza wapi.

Magari ya siku hizi hayana kabureta; kompyuta ndiyo hupima petroli. Usichomoe nyaya za plagi injini ikinguruma kama tulivyozoea zamani, maana waweza kurushwa na umeme na kuharibu vyombo. Mlango wa hewa ukishika masizi, fundi huusafisha kwa dawa yake. Taa ya injini ikiwaka, mtafute fundi mwenye chombo cha kuisoma kompyuta, na umwambie akuonyeshe kilichosomwa kabla hujanunua kipuri chochote.