Mtoto Mnene Naye Aweza Kuwa Njiti

Huku kwetu Busale mjamzito akiongezeka mwili tunafurahi. Tumbo likizidi miezi yake tunasema amebeba mapacha. Mawifi wanaleta ndizi, wanaleta mchele wetu wa Kyela unaonukia mpaka barabarani, na kila apitaye anamhimiza aongeze sahani. Nia ni njema. Lakini tumbo kubwa mno, au kiu isiyokatika, ni mambo ya kupeleka kliniki, maana pengine ni kisukari cha mimba. Tena wengi hawaoni dalili yoyote.

Kisukari hiki humpata hata mama ambaye hajawahi kuugua. Homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, na sukari hubaki damuni. Sukari hiyo huvuka kondo ikamfikia mtoto, ila insulini ya mama haivuki. Basi mtoto hutengeneza yake nyingi, naye hunenepa.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Mtoto akizaliwa na kilo tatu na nusu tunapiga vigelegele, kumbe mapafu hayajakomaa. Anayezaliwa kabla ya majuma 37 ni njiti, hata akiwa na mashavu. Na kisukari kisichotunzwa huongeza hatari hiyo: maji ya uzazi huwa mengi, tumbo hutanuka, chupa hupasuka mapema. Au presha hupanda, na daktari analazimika kumtoa mtoto kabla ya wakati.

Kama una ndugu wa damu mwenye kisukari, u mnene, au uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi, mwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki. Kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi. Cha kuaminika ni cha damu, kati ya majuma 24 na 28: unalala bila kula, unapimwa, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unapimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013, sukari ya 5.1 kabla ya kunywa yatosha kuonyesha tatizo. Zahanati ikikosa kipimo, uliza kama kinapatikana Kyela mjini au Matema.

Hatusemi uache wali. Nani Kyela ataacha wali? Upunguze, nusu ya sahani iwe mboga za majani, na maharage au usipa pembeni. Soda na chai ya sukari ndizo za kuacha. Ukipewa insulini usiogope, haimdhuru mtoto.

Nauli iwekwe mapema, hasa mvua za Aprili na Mei, Kiwira na Mbaka inapojaa. Ukiona maji, damu au uchungu kabla ya majuma 37, nenda siku hiyo hiyo. Hospitalini mama huweza kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Hizo hupandisha sukari, kwa hiyo wakumbushe kwamba una kisukari.

Mtoto akizaliwa, anyonye ndani ya saa ya kwanza, kwani sukari yake huweza kushuka ghafla. Akiwa njiti, akae kifuani ngozi kwa ngozi. Baba na bibi nao wanaweza kupokezana. Wewe mwenyewe rudi upimwe baada ya majuma 6 hadi 12, hata kama unajisikia mzima.